Kuanza kutembea masafa marefu ukubwani: maswali ninayoulizwa kila mara

Nianze na aibu yangu kwanza. Nilikuwa na miaka 57, lifti mbovu, nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu na nilipofika nikashika reli nikajifanya nasoma meseji kwenye simu, kumbe simu yenyewe imezima chaji, natafuta pumzi tu. Kijana aliyekuwa nyuma yangu akasema "pole mzee", na ile pole iliniuma kuliko kifua. Leo nina 64 na nikiamua natembea kilomita 20 hadi 25 kwa siku. Sio mwanariadha wala sio daktari, ni mtu tu aliyekosea sana njiani, na watu wakishajua natembea wananiuliza mambo yaleyale, ndo nimeona niyaweke yote hapa.

Nina miaka 62, si nimeshachelewa?

Hujachelewa. Ni kweli misuli inapungua, inaanza taratibu tu baada ya miaka 30 hivi na ukivuka 60 kasi inaongezeka, ila msuli wa mtu wa 70 hata 80 ukiufanyisha kazi bado unajibu. Kinachobadilika ni muda wa kupona. Kijana anaumia leo kesho kutwa anaruka, wewe mpe mwili siku tatu nne na usimfokee.

Kuna bibi mmoja Mmarekani, Emma Gatewood, watoto 11 ameshawalea, mwaka 1955 akiwa na miaka 67 alitembea njia ya milimani ya Appalachian Trail, mashariki mwa Marekani, yote peke yake, zaidi ya kilomita 3,200, na raba za kawaida za turubai na mfuko aliojishonea mwenyewe ameubeba begani. Watu wanapenda kusimulia hapo tu. Mimi napenda kusimulia mwaka uliotangulia, 1954, manake alijaribu akashindwa, alipotea njia, miwani ikavunjika, akarudishwa nyumbani. Mwaka uliofuata akarudi akaanzia upande wa pili, na baada ya hapo akaimaliza tena. Kwa hiyo ukishindwa mara ya kwanza upo kwenye kundi zuri.

Lazima nimuone daktari kabla ya kuanza?

Kama unachotaka ni kutembea dakika 15 taratibu na huna tatizo lolote unalolijua, anza tu. Kama una ugonjwa wa moyo, sukari, presha, umewahi kupata kiharusi, unapata kizunguzungu, au ukitembea kidogo kifua kinabana, hapo nenda kwanza, na usimuulize daktari "naruhusiwa kufanya mazoezi?" manake atakujibu ndiyo kidogokidogo mwende zenu. Mwambie kabisa: nataka baada ya miezi sita niwe natembea kilomita 15, dawa zangu ni hizi, nini nichunge? Utaona mazungumzo yanabadilika.

Na kuna moja watu wanalipuuza. Ukiwa unatembea, shavu la mguu linabana kila ukifika umbali uleule, ukisimama dakika chache linaachia, ukianza tena linabana. Wengi wanasema uzee huo. Inaweza kuwa mishipa ya damu ya miguu imeziba, sio jambo la kuchua na mafuta, hilo la hospitali.

Nianze na umbali gani?

Usianze na umbali, anza na muda. Dakika 20, siku nne kwa wiki, sehemu tambarare, unaenda dakika 10 unageuza unarudi. Ukirudi nyumbani ukajisikia "hiyo tu?", umefanya sawasawa. Wiki ya pili hivyohivyo. Wiki ya tatu ongeza dakika tano. Halafu chagua siku moja ya wiki iwe ya safari ndefu, hiyo ndo unairefusha polepole, zile nyingine ziache fupi. Kwa mwendo huo mtu aliyekuwa hafanyi chochote akifika wiki ya 12 safari yake ndefu inakuwa kilomita 8 hadi 10, na kila baada ya wiki tatu za kuongeza weka wiki moja ya kupunguza, hata kama unajisikia chuma. Hasa kama unajisikia chuma.

Ile kanuni ya "usiongeze zaidi ya asilimia 10 kwa wiki" ni mazoea ya watu tu, hainiudhi ila usiifanye msahafu. Ukiwa kwenye kilomita 2, asilimia 10 ni mita 200, utazeeka mara ya pili.

Mbona pumzi imekaa vizuri ila miguu ndo inaleta shida?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine yote yanazunguka hapa.

Moyo na mapafu yanajifunza haraka. Ndani ya wiki mbili tatu damu inaongezeka, moyo unasukuma vizuri zaidi kwa kila pigo, na ukifika wiki ya tano au sita unapanda kilima ulichokuwa unakiogopa huku unaongea. Misuli nayo haiko nyuma sana. Ila kano, zile kamba ngumu zinazoshika msuli kwenye mfupa, na utando wa chini ya unyayo, na mifupa yenyewe, hivyo vinajijenga polepole mno, ni miezi sio wiki, na umri ukisogea ndo vinazidi kwenda kwa mwendo wa kinyonga. Sasa hebu ona mtego uliopo. Wiki ya sita injini imekuwa mpya, chasisi bado ya zamani, na dereva amefurahi.

Mimi nilinaswa hapohapo. Nilikuwa natembea kilomita 6, Jumamosi moja hali ya hewa nzuri, pumzi ipo, nikasema ngoja nione mwisho wangu, nikaenda 14. Njia nzima sikuumwa popote. Nilirudi nimevimba kichwa, nikampigia simu dada yangu kujisifu. Kesho yake asubuhi natoka kitandani, hatua ya kwanza nikahisi kama kuna mtu ameshika nyuma ya kisigino na koleo. Nikajiambia itapoa ikipata moto, na kweli baada ya dakika kumi ilipoa, kwa hiyo nikatoka tena kutembea, ndo nikaiharibu kabisa. Wiki saba sikutembea zaidi ya kwenda dukani, na kila asubuhi nilikuwa nashuka kitandani nimeshika ukuta kama mtoto anayejifunza kusimama.

Kwa hiyo sheria yangu ni kwamba pumzi sio kipimo. Kipimo ni asubuhi ya kesho yake. Hatua kumi za kwanza ukitoka kitandani zikuambie. Ukiwa na ukakamavu kidogo wa misuli pande zote mbili, sawa, endelea. Ukiwa na maumivu sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, kisigino, unyayo, chini ya goti, hiyo siku hamna kuongeza kitu, na kama yanarudi siku tatu mfululizo rudi nyuma wiki mbili kwenye ratiba. Inauma kurudi nyuma, najua. Wiki saba zinauma zaidi.

Hatua 10,000 kwa siku ni lazima?

Hapana, na hiyo namba haikutoka hospitali. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua, jina lake manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi, ni mwaka mmoja tu baada ya Olimpiki za Tokyo watu wamechangamka na michezo, namba ikakaa vizuri mdomoni ikasambaa dunia nzima. Hatua 10,000 ni kama kilomita 7 hivi kwa watu wengi. Ni nzuri, ila kama leo unatembea 2,500, kufika 4,500 ni maendeleo makubwa na mwili wako utayasikia.

Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 halikuweka lengo la hatua, linasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya kuchangamsha mwili kiasi, na kwa waliofika 65 linaongeza mazoezi ya nguvu na ya kukaa sawa bila kuyumba, siku tatu au zaidi kwa wiki. Hayo ya pili ndo tunayaruka wote, nitayarudia chini.

Kutembea tu kunasaidia kweli, au mpaka nikimbie?

Kunasaidia. Mwaka 1953 daktari mmoja Mwingereza, Jerry Morris, alitoa utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta, basi lilelile, ila dereva amekaa siku nzima na kondakta anapanda na kushuka ngazi za basi kutwa. Makondakta walionekana wanaugua moyo kidogo kuliko madereva. Hakuna aliyekuwa anakimbia pale, wala hakuna aliyevaa nguo za mazoezi. Morris mwenyewe alikufa 2009 akiwa na miaka 99, na alikuwa mtu wa mazoezi, kwa hiyo alikula alichopika.

Nitembee kwa kasi gani?

Kasi ya kuweza kuongea sentensi nzima ila sio kuimba. Ukiweza kuimba wimbo mzima bila shida, kaza kidogo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Basi. Saa za mkononi zinazosoma mapigo ya moyo ni nzuri kwa wanaopenda namba, lakini kama unatumia dawa za presha au za moyo za aina ya kushusha mapigo zile hesabu za 220 toa umri, za kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo, hazikufai, moyo hautapanda hata ukijikaza, utajiua bure unafukuza namba. Tumia mdomo.

Kwa mipango ya safari, hesabu ya zamani ya Mskoti William Naismith ya 1892 bado inafanya kazi: saa moja kwa kila kilomita 5 tambarare, ongeza nusu saa kwa kila mita 300 za kupanda. Naismith hakuhesabu magoti wala kupumzika wala kupiga picha, kwa hiyo sisi wa rika hili tuhesabu kilomita 4 kwa saa, na tuongeze saa nzima ya ziada kwa siku ndefu. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba amefika mapema.

Magoti yangu mabovu, si yataisha kabisa?

Hofu ya watu wengi hii, wanafikiri goti ni kama tairi, ukilitumia linaisha. Goti ni kitu hai. Ile gegedu laini kwenye maungio haina mishipa ya damu, inakula kwa kukamuliwa na kuachiwa kama sponji, kila hatua inakamua maji ya zamani na kuvuta mapya. Goti lisilotembea ndo linakauka. Hata wenye goti lililoanza kulika, kutembea kwa kiasi ni kati ya vitu vinavyoshauriwa kwanza kabisa, pamoja na kuimarisha paja na kupunguza uzito kama upo wa kupunguza.

Ila goti likivimba, likiwa la moto, likijifunga halikunjuki, au linaachia ghafla unataka kuanguka, hilo sio la kutembelea, hilo la kuonyeshwa.

Kupanda naweza, mbona kushuka ndo kunaniua?

Manake wakati wa kushuka msuli wa paja unafanya kazi huku unavutwa, unashika breki kila hatua, na kazi ya namna hiyo ndo inayochana nyuzi ndogondogo za msuli. Maumivu yake hayaji siku hiyo, yanakuja kesho yake na keshokutwa ndo yanafika kileleni, halafu yanaondoka. Usiogope, ndo mwili unajifunza, na mara ya pili yanakuja nusu. Kwa hiyo fanya mazoezi ya kushuka kama unavyofanya ya kupanda. Hatua fupi, goti limekunjika kidogo, usitue na kisigino kwa kishindo. Kama sehemu yako tambarare, ngazi za jengo lolote zinatosha: panda na lifti, shuka kwa miguu. Majirani watashangaa, waache.

Viatu gani?

Viatu vinavyokutosha, aina baadaye. Vijaribu jioni, manake miguu inavimba mchana kutwa, na jaribu ukiwa umevaa soksi zilezile utakazotembelea. Simama, sukuma mguu mbele, kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Wengi wetu tunavaa namba tuliyokuwa nayo tukiwa na miaka 25, na mguu umeshatanuka tangu zamani, mimi nilipopimwa nilikuta nimeongezeka namba moja nzima na mguu wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, miaka yote hiyo nilidhani wenzangu pia kiatu cha kushoto kinawabana.

Raba nyepesi zenye soli inayoshika zinatosha kwa njia nyingi. Buti ndefu za kushika kifundo ni za mawe, matope na mizigo mizito, na uzito wake unaubeba kila hatua. Soli ikishalainika na kulala upande mmoja imekwisha hata kama juu kiatu kinang'aa, kwa wengi ni kati ya kilomita 500 na 800. Na tafadhali, kiatu kipya hakivaliwi siku ya safari ndefu. Nimesema tafadhali.

Malengelenge nayaepuka vipi?

Lengelenge linataka vitu vitatu, joto, unyevu na kusuguana, ondoa kimoja tu na halipati nafasi. Soksi za pamba tupu zinanyonya jasho na kubaki nazo, za sufu laini au za nyuzi za kisasa zinalitoa nje. Beba jozi ya pili ubadilishe katikati ya njia, ile iliyolowa ining'inize nyuma ya begi ikauke. Kuna wanaopaka mafuta ya mgando miguuni asubuhi, mimi napaka, kuna wanaoapa kwa poda, sibishani na mtu.

La muhimu kuliko yote ni kusimama mapema. Kabla ya lengelenge kuna dakika kama kumi ambazo unahisi sehemu moja inawaka, ndogo tu, na unajiambia nitaangalia tukifika. Usijiambie hivyo. Simama palepale hata kama wenzako wanakwenda, vua kiatu, toa kile kipunje cha mchanga au nyoosha ule mkunjo wa soksi, bandika plasta, vaa, endelea. Dakika tatu. Mimi niliwahi kuona haya kuwasimamisha watu kilomita ya 5, kilomita ya 16 wakawa wananisubiri mimi tu, natembea kwa ubavu wa mguu kama kaa.

Likishatoka na ni dogo, liache na plasta. Likiwa kubwa na lipo mahali pa kukanyagia, toboa pembeni kwa sindano safi uliyoipitisha kwenye spiriti, kamua, ngozi ya juu USIITOE, ndo bandeji bora kuliko zote. Mwenye sukari asitoboe chochote, aende akahudumiwe.

Kucha zinageuka nyeusi

Kiatu kifupi au kucha ndefu au hujafunga kamba vizuri juu ya mguu, kwa hiyo ukiteremka mguu unateleza mbele na kidole kinagonga ukuta. Kata kucha siku mbili kabla, kata moja kwa moja bila kuchimba pembeni. Kucha nyeusi itaanguka yenyewe na nyingine itaota, usiivute.

Fimbo sio za wazee?

Ni za wazee, na ni za vijana wanaopanda milima, wao wanazo mbili mbili na hakuna anayewacheka. Fimbo mbili zinapunguzia magoti mzigo hasa kwenye kushuka, zinakupa miguu minne kwenye matope, na mabega nayo yanapata kazi. Urefu sahihi ni ule ambao ukisimama fimbo imegusa chini kiwiko kinakunja pembe ya mraba, ukishuka kilima kirefu unairefusha kidogo. Mimi nilikataa mwaka mzima kwa sababu ya kiburi, nikaja kuzikubali siku niliyokaa chini kwenye utelezi mbele za watu.

Ninywe maji kiasi gani?

Kiu ukubwani inachelewa kusema, kwa hiyo usiisubiri mpaka midomo ikauke, piga funda mbili tatu kila dakika 20 hivi. Lakini usijaze tumbo kwa hofu pia, manake ukinywa maji matupu kupita kiasi saa nyingi chumvi ya damu inashuka na hiyo ni hatari kweli, kichwa kinauma, kichefuchefu, mtu anachanganyikiwa na wenzake wanamwongezea maji. Kwenye safari ya zaidi ya saa mbili au siku ya joto kali, kula kitu chenye chumvi kidogo njiani. Wenye vidonge vya presha vya kukojosha wamuulize daktari wao habari ya siku ndefu za jua.

Na hapohapo niseme la dawa za maumivu. Usimeze ibuprofen na jamaa zake asubuhi "ili isije ikauma". Kwanza unazima kengele, pili ukiwa umepungukiwa maji zinaumiza figo, na ukichanganya na baadhi ya dawa za presha ndo kabisa.

Samahani kwa swali hili, lakini haja ndogo inanisumbua, nikitembea mbali itakuwaje?

Usiombe samahani, nusu ya watu wa rika letu wanajiuliza hili na hawalisemi, wanaacha kutembea au wanaacha kunywa maji, ambayo ni mbaya zaidi. Chagua njia yenye vyoo, zipo, zizungumzie wazi na mnaotembea nao kama mnavyozungumzia maji. Chai na kahawa zinywe mapema, saa moja kabla, uende mara mbili kabla ya kuondoka. Kwa akina mama ambao inatoka wakikohoa au wakishuka, kuna mazoezi ya kubana misuli ya chini ya nyonga, yanafanya kazi kwa wengi ukiyafanya kila siku kwa miezi mitatu, muulize nesi akuelekeze vizuri. Kwa wanaume wanaoamka mara nne usiku, hiyo inaweza kuwa tezi dume, mkaangaliwe.

Nina sukari au presha, nichunge nini zaidi?

Presha iliyotulia kwa dawa ni rafiki wa kutembea. Usisimame ghafla baada ya kupanda, tembea taratibu dakika tano ndo ukae. Ukisikia kifua kubana, maumivu yanayopanda taya au mkono, jasho la baridi, simama uombe msaada, usimalize kilomita.

Sukari: pima kabla, hasa kama unatumia insulini au vidonge vinavyoweza kuishusha, beba kitu kitamu mfukoni sio chini ya begi, na kumbuka inaweza kushuka hata usiku baada ya safari ndefu. Halafu miguu. Kila ukirudi kaa chini uikague, unyayo, katikati ya vidole, tumia kioo kama hukunji vizuri, kwa sababu kama mishipa ya fahamu imepungua unaweza kutembea na kijiwe ndani ya kiatu siku nzima na usijue.

Nitapungua uzito?

Kidogo, na polepole kuliko unavyotaka. Mtu wa kilo 70 anatumia kama kalori 50 hadi 70 kwa kilomita, kilo moja ya mafuta ina kama 7,700. Kilomita 5 kila siku, chakula kilekile, ni kama siku 25 kwa kilo. Na njaa inakuja, ndo hapo hesabu inapoharibika, unarudi umetumia 300 unajizawadia 600. Mimi nimepungua kilo nne kwa miaka saba, lakini suruali zimebadilika na usingizi umerudi, sijali tena mizani.

Kutembea peke yake kunatosha au niinue vyuma?

Hapa ndo nilisema nitarudi. Kutembea hakutoshi, samahani. Kunajenga moyo ila hakujengi sana mapaja na makalio, na ni hivyo vinavyokuinua chini ukianguka. Sio lazima gym. Kaa kwenye kiti na kuinuka bila kushika, mara 10, pumzika, rudia mara mbili. Simama ukingoni mwa ngazi, panda kwa vidole na shusha visigino polepole mno, hesabu mpaka nne ukishuka, hiyo ndo iliyoniponya kisigino na bado naifanya. Simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, asubuhi kulia, usiku kushoto, mkono karibu na sinki. Mara ya kwanza nilihesabu sekunde nne. Leo namaliza mswaki.

Nawezaje kujiandaa kwa safari ya siku kadhaa?

Siku moja ndefu haikuandai kwa siku mbili mfululizo, hilo watu hawalijui mpaka asubuhi ya siku ya pili. Watu wanaota njia ya mahujaji ya Camino, ile kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port Ufaransa mpaka Santiago de Compostela Hispania, kama kilomita 780, au yale matembezi ya Nijmegen kule Uholanzi kila Julai yaliyoanza 1909, kilomita 30 hadi 50 kila siku siku nne. Sawa, ndoto nzuri. Nikwambie tu kwamba cheti cha Santiago kinatolewa hata kwa anayetembea kilomita 100 za mwisho, hiyo ni siku tano sita za mtu mwenye akili zake.

Miezi miwili kabla, anza kutembea Jumamosi na Jumapili zote mbili, ya pili iwe fupi kidogo, 12 halafu 8, baadaye 18 halafu 14. Fanya ukiwa na begi utakalobeba. Begi lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wako, na kulipunguza kuna njia moja, mwaga kila kitu kitandani, ondoa ulivyoweka kwa ajili ya "ikitokea". Mimi safari ya kwanza nilibeba pasi ndogo ya nguo. Ya nguo! Sijui nilikuwa naenda kikaoni.

Nimeumwa nikaacha wiki tatu, naanza upya?

Huanzi upya, ila usirudie ulipoishia. Chukua nusu ya umbali wa mwisho, kaa nao wiki nzima, pumzi itakuwa imeshuka na itarudi haraka, na ikirudi ndo usome tena lile swali la pumzi na miguu hapo juu kabla hujavaa viatu.

Watoto wangu wanasema nitaanguka, wanataka nibaki nyumbani

Wangu pia walisema. Nilimpa binti yangu njia ninayopita na saa ya kurudi, nikawasha kwenye simu ile ya kuonyesha nilipo, nikamwambia nisipofika saa hiyo ndo unipigie, sio kabla. Miezi miwili ya kwanza alipiga kabla. Siku moja nikamwambia njoo basi tutembee wote, kilomita 9 tu, akaja na viatu vipya alivyovitoa kwenye boksi asubuhi hiyohiyo. Kwenye kilomita ya 6 nikamwona anaanza kukanyaga kwa ubavu. Nikatoa plasta.